Nyumba Njema Si Mlango

Ndugu msikilizaji, hadithi yenyewe unaijua hata kabla sijaisimulia. Msafiri anafika nchi ya mbali akiwa na ramani iliyochanika. Katikati ya msitu kuna hekalu la kale la Kihindu lililozongwa na mizizi. Mlangoni pamechongwa nyoka. Ndani kuna kito kikubwa kama yai la bata, na nyuma ya kito wamejificha makuhani wenye macho mekundu, walioapa kumuua yeyote atakayekigusa. Msafiri anakigusa. Yanayofuata ni mbio, moshi na mawe yanayoporomoka.

Hadithi ya namna hii imeuza vitabu kwa zaidi ya miaka 150, imejaza majumba ya sinema, na siku hizi inajaza vibanda vya video hata vijijini. Hivi karibuni nilikuwa Tindiga, wilayani Kilosa, kwenye mabonde ya mpunga kati ya Kilosa mjini na Mikumi. Nilikwenda kurekodi mazungumzo na wakulima. Kijana mmoja akanifuata na daftari lililojaa riwaya aliyoitunga mwenyewe: Mtanzania anakwenda India, anaingia hekaluni usiku, anapambana na nyoka na makuhani, anarudi nyumbani na hazina. Nilisoma kurasa kadhaa papo hapo. Kijana anajua kusimulia. Kisha akaniuliza, "Kaka, India sijafika. Siri za yale mahekalu nitazipata wapi?"

Swali hilo linastahili kujibiwa hadharani, kwa sababu wako vijana wengi wanaoandika, na wengi wao huanza kwa kuiga walichokitazama. Kwa ufupi, jibu langu ni kwamba mengi tunayoyaita siri za mahekalu hayamshangazi mtu anayesali humo. Yanamshangaza aliyesimama nje. Na mwandishi anayeridhika kubaki nje hutunga hadithi dhaifu, tena hadithi inayoweza kuwadhuru watu.

Tuanze na giza. Katika sinema hekalu lazima liwe na giza, na giza lazima lifiche uovu. Ukweli ni kwamba mafundi waliojenga mahekalu ya kale ya India walilipanga giza hilo kwa makusudi. Chumba cha ndani kabisa, anamokaa mungu, ni kidogo na mara nyingi hakina dirisha. Jina lake kwa Kisanskriti maana yake ni chumba cha tumbo la uzazi. Mwenye kusali hutoka kwenye mwanga wa jua, akapita ukumbi mmoja hadi mwingine, kila ukumbi una mwanga hafifu kuliko uliopita, mpaka anasimama mbele ya mungu wake kwa nuru ya taa ndogo tu. Nia ni mtu aache kelele za sokoni nyuma yake, atulie. Mpiga picha wa sinema aliona giza akafikiria mauaji. Bibi anayekwenda kusali na maua mkononi huliona giza lile lile akapata utulivu.

Pili, dhahabu. Hazina mahekaluni zimekuwapo kweli, na haijahitaji majini kuzileta. Wafalme walitoa, wafanyabiashara walitoa, hata watu wa kawaida walitoa kidogo walichonacho, karne baada ya karne. Hekalu lilikuwa na mashamba, lilikopesha fedha, liliajiri wapishi, wapiga ngoma na wachezaji. Katika mji wa Thanjavur, kusini mwa India, liko hekalu kubwa la mungu Shiva lililokamilika mwaka 1010, zama za mfalme Rajaraja wa Kwanza. Kuta zake zimechongwa maandishi marefu. Ukidhani ni maneno ya uchawi umekosea. Ni hesabu! Nani katoa nini, chombo kipi kina uzito gani, na majina ya wanawake 400 waliohamishiwa hapo kulihudumia hekalu, pamoja na nyumba ambamo kila mmoja alipangiwa kukaa. Hebu fikiri, ndugu msikilizaji: mwanamke mmoja kati ya hao 400, jina lake liko ukutani kwa zaidi ya miaka 1,000. Alitoka wapi? Aliacha nani nyumbani? Mwandishi mwenye macho angeuacha mlango wa nyoka akaanzia kwenye jina hilo.

Tatu, tuone jinsi ajabu inavyotengenezwa. Mwezi Juni mwaka 2011, kwa amri ya Mahakama ya Juu ya India, vilifunguliwa vyumba vya hazina vya hekalu la Padmanabhaswamy katika mji wa Thiruvananthapuram, jimbo la Kerala. Zilikutwa sarafu, mikufu na vyombo vya dhahabu ambavyo magazeti yalivikadiria thamani ya mabilioni ya dola. Kati ya vyumba sita vilivyotajwa mahakamani, kimoja, kilichoitwa chumba B, hakikufunguliwa katika zoezi lile. Wiki chache baadaye akafariki mzee wa miaka 70 hivi aliyekuwa amefungua kesi hiyo. Basi! Uvumi ukaenea: laana, nyoka mlangoni, mlango usiofunguka ila kwa kuimbiwa.

Sasa tazama kilichoachwa na wavumishaji. Mwaka 1750 mfalme wa nchi hiyo, Marthanda Varma, aliukabidhi ufalme wake wote kwa mungu wa hekalu hilo, na tangu hapo yeye na warithi wake wakatawala kama watumishi wa mungu huyo. Habari za hekalu ziliandikwa kwenye majani ya mvumo na kuhifadhiwa. Kesi yenyewe ilihusu jambo ambalo hata kijiji chochote chetu chenye mali ya ushirika kinalielewa: nani ana haki ya kusimamia mali hii, na nani atamkagua? Mwaka 2020 mahakama iliamua kwamba familia ya kifalme inayo haki katika uendeshaji wa hekalu, chini ya kamati maalumu. Mimi naona humo kuna riwaya nzuri kuliko ya nyoka. Kuna mzee anayeshitaki, familia inayojiona imetukanwa, waumini wanaoogopa mungu wao kuvuliwa nguo mbele ya kamera, na mlango mmoja uliofungwa ambao kila upande una sababu yake.

Waandishi wa zamani hawakuwa wote vipofu. Mwaka 1868 Mwingereza Wilkie Collins alitoa riwaya iitwayo The Moonstone, mojawapo ya riwaya za mwanzo za upelelezi kwa Kiingereza. Inahusu almasi iliyokuwa kwenye paji la uso la sanamu ya mungu wa mwezi. Katika kitabu hicho mwizi ni ofisa wa Kiingereza, aliyeichukua kwa kuua wakati mji wa Seringapatam ulipotekwa mwaka 1799. Wahindu watatu wanaifuata almasi hiyo hadi Uingereza, wala hawafanyi hivyo kwa uroho. Mwishoni kito kinarudi kwa mungu wake, Somnath, katika rasi ya Kathiawar. Jina hilo si geni Afrika Mashariki. Kathiawar na Kutch ndiko zilikotoka familia nyingi za Kihindi zilizofungua maduka kutoka Mombasa na Zanzibar hadi miji ya reli ya kati kama Kilosa.

Linganisha na sinema ya Indiana Jones ya mwaka 1984, ile ya hekalu la maangamizi. Humo waabudu wa mungu wa kike Kali wanang'oa moyo wa mtu angali hai. Serikali ya India iliusoma mswada ikaukataa, na watengenezaji wakaenda kupigia picha Sri Lanka. Mamilioni walioitazama hawajapata kumwona Mhindu akisali, lakini wanadhani wanajua anachofanya akifunga mlango.

Pengine utaniambia, ndugu msikilizaji, hayo ni ya Wahindi, sisi yanatuhusu nini? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hadithi hiyo hiyo ilitungwa juu yetu.

Mwaka 1863 Mfaransa Jules Verne alichapisha riwaya ya Waingereza watatu wanaoruka kwa baluni kutoka Zanzibar kuvuka Afrika. Verne hakuwa amekanyaga bara hili katika safari hizo. Alisoma taarifa za wasafiri, hasa Burton na Speke. Baluni lake linapita juu ya nchi ya Usagara, ambayo ndiyo milima hii ya Kilosa, hadi Kazeh, yaani Tabora. Huko wenyeji wanadhani baluni ni mwezi ulioshuka, na waliomo ni watoto wa mwezi. Msomaji wa Paris akacheka. Lakini Tabora ya miaka hiyo ilikuwa mji wa biashara uliokuwa na Wanyamwezi waliozoea kwenda pwani na kurudi, Waarabu wa Oman na Waswahili. Alikuwako hata mfanyabiashara wa Kihindi kutoka Surat, Musa Mzuri, aliyewapokea wasafiri Wazungu kwa ukarimu. Kumbe watu wa mji huo walikuwa na habari za dunia kuliko riwaya ilivyodai.

Mwaka 1885 akaja Rider Haggard na riwaya ya migodi ya Mfalme Suleiman. Wakati huo Wazungu wengi walikwishaamini maneno ya Mjerumani Karl Mauch, aliyefika kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu mwaka 1871 akayahusisha na Malkia wa Sheba, kana kwamba Mwafrika hawezi kupanga jiwe juu ya jiwe. Matokeo yake hayakuishia vitabuni. Mwaka 1895 iliundwa kampuni ya kutafuta dhahabu katika magofu ya kale ya nchi hiyo. Makaburi yalifukuliwa, mapambo ya dhahabu yakayeyushwa, na tabaka za udongo ambazo zingesimulia historia zikavurugwa. Mtaalamu Randall-MacIver mwaka 1905, na mwenzake Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walithibitisha kwamba kuta zile zilijengwa na Waafrika. Lakini yaliyokwisha kuchimbwa hayakurudi.

Na sisi wenyewe tumeambukizwa. Nani hajasikia habari za mali ya Mjerumani? Penye boma la zamani, penye mti mkubwa, penye jiwe lenye alama, utasikia kuna watu wamechimba usiku. Uvumi huo una kokwa ya ukweli. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, Wajerumani walipiga huko Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Zilikuwa kama 16,000 hivi, na baadhi ziko kwenye makumbusho na mikononi mwa wakusanyaji. Mwaka huo huo, mwezi Agosti, Waingereza waliiteka Kilosa. Kutoka hapo hadi kudai kwamba kila kichuguu kimefukiwa sanduku, ni hadithi iliyochukua nafasi ya akili. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimbua kumbukumbu za kale bila kibali. Lakini kabla ya sheria kuna adabu: pale unapochimba pana kaburi la babu wa mtu.

Sasa nirudi kwa swali la msingi. Mwandishi wa Kilosa anayetaka msafiri, India na mahekalu katika hadithi moja, atampata wapi mtu huyo? Atampata hapo hapo mabondeni, kwenye mbuga ya Mkata.

Mbuga hiyo, tambarare inayogeuka ziwa mvua za masika zikizidi, ilikuwa kwenye njia ya misafara kutoka pwani. Burton na Speke waliivuka mwaka 1857. Speke alirudi na Grant mwaka 1860. Stanley aliivuka mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, katikati ya masika. Punda wake walikufa, naye akaugua kuhara damu nusura afe. Cameron alifuata mwaka 1873. Mabwana hao watano walibadilika, lakini mtu mmoja alikuwa katika misafara yote minne. Jina lake Sidi Mubarak, maarufu kwa jina la Bombay.

Bombay alikuwa Myao. Akiwa mtoto alikamatwa na kupelekwa Kilwa, akabadilishwa kwa nguo, akavushwa bahari hadi India. Huko aliishi utumwani miaka mingi, mpaka bwana wake alipofariki naye akawa huru, akapanda chombo kurudi Afrika. Speke, ofisa wa jeshi la India, hakujua Kiswahili. Alizungumza na Bombay kwa Kihindustani, na Bombay akawageuzia wapagazi kwa Kiswahili. Kwa hiyo katika tope la Mkata mwaka 1857, amri za Mwingereza zilipita kwanza katika lugha ya India ndipo zikamfikia Mwafrika mwenye mzigo kichwani. Bombay alifika Ujiji, akafika kwa Kabaka Mutesa, na mwaka 1875 akiwa na Cameron akafika pwani ya Atlantiki kwa miguu. Wakubwa wa jiografia wa London walimpa medali na baadaye pensheni. Alifariki mwaka 1885.

Katika vitabu vya mabwana zake Bombay huonekana pembeni: mara mwaminifu, mara mlevi, mara anagombezwa. Stanley mwenyewe aliporudi Ulaya alitunga riwaya ya vijana, My Kalulu, mwaka 1873, akampa shujaa wake jina la kijana aliyekabidhiwa Tabora. Kwa hiyo safari za nchi hii zimekwisha kuzaa riwaya. Lililobaki ni nani anayesimulia. Huyu Bombay, Mwislamu wa Kiyao katika nchi ya Wahindu, alipita mbele ya mahekalu mangapi akibeba mizigo ya bwana wake? Kengele za jioni alizisikiaje? Je, alimwuliza mtu kilichomo ndani, au mtumwa hakuruhusiwa kuuliza? Historia haikuandika. Hapo ndipo kazi halali ya mtunzi inapoanza: mahali ambapo kumbukumbu zimekwisha, baada ya kuzisoma zote.

Na isidhaniwe kwamba jambo hili halijawahi kufanywa kwa Kiswahili. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, aliyekuwa mhariri wa magazeti, alishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 kwa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Mahali pake pa kutisha ni mzimu, pahala pa kale pa matambiko, na maiti inakutwa hapo. Mwandishi mvivu angemsingizia pepo. Lakini Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anauliza maswali, anapima maneno ya kila mtu, na mwisho anaonyesha kwamba muuaji ni binadamu mwenye sababu za kibinadamu. Mzimu unabaki na heshima yake, na msomaji anabaki na msisimko wake. Abdulla aliweza hivyo kwa sababu aliyajua mazingira aliyoyaandika.

Kwa hiyo kwa kijana yule, na wenzake wote wenye madaftari: India ni mbali, lakini mlango uko karibu. Ukifika Dar es Salaam, nenda Mtaa wa Kisutu, kwenye mahekalu ya Kihindu. Fika mchana, vua viatu, salimia, omba ruhusa. Uliza kwa nini kengele inagongwa, kwa nini taa inazungushwa, na kile kitamtamu unachopewa kina maana gani. Kuuliza si ujinga. Ukiwa Morogoro, ingia Maktaba ya Mkoa, uulize vitabu vya wasafiri wa zamani, uvisome huku ukimtafuta Bombay kila ukurasa. Na ukiwa kijijini, kaa na wazee uulize majina ya mito, njia za zamani, na mahali ambapo watu hawakati miti, na kwa nini hawakati. Pengine watakwambia mambo mengine hayasemwi kwa mgeni. Liheshimu jibu hilo, nalo liandike. Mhusika anayekataa kufungua mlango, akiwa na sababu tunayoielewa, anasisimua kuliko kuhani mwenye macho mekundu.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ila mimi naongeza kwamba kabla ya kufungua, piga hodi. Kwa leo niishie hapo. Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaaliwa.